Ndugu Yake Yakobo

Katika mihadhara ya dini inayofanyika viwanjani Afrika Mashariki, Waislamu na Wakristo wamebishana miaka mingi juu ya Yesu: kama ni Mungu au ni mtume, kama alisulubiwa au aliepushwa na msalaba, kama Injili zilizopo leo ni zile zilizotoka kwake. Jambo moja hawajawahi kulibishania. Anayemwita Yesu Kristo na anayemwita Isa bin Maryamu wote wanakubali kwamba alizaliwa na mwanamke, akala chakula, akatembea katika ardhi ya Palestina. Lakini ipo hoja nyingine, iliyozaliwa Ulaya na sasa inawafikia vijana wetu kupitia simu zao, inayosema mtu huyo hakuwahi kuwapo: kwamba mwanzoni alikuwa kiumbe wa mbinguni, na waandishi wa Injili ndio waliomvika mwili na kumtungia nchi, wazazi na kifo. Hoja hiyo inastahili jibu la ushahidi. Kuijibu kwa hasira, au kwa aya za kitabu ambacho muulizaji hakiamini, ni kumwachia ushindi. Mimi naona ikipimwa kwa ushahidi haisimami, na kinachoiangusha kwanza ni mtu ambaye wahubiri hawamtaji sana, Yakobo ndugu yake Yesu.

Shaka yenyewe si ya jana. Volney na Dupuis waliiandika Ufaransa katika miaka ya 1790, wakidai kwamba Kristo ni jua lililogeuzwa kuwa mtu. Bruno Bauer, mwanatheolojia wa Ujerumani aliyenyang'anywa ruhusa ya kufundisha Bonn mwaka 1842, aliishia kusema kwamba Yesu ni zao la fikra za waandishi. Arthur Drews, mwalimu wa falsafa huko Karlsruhe, alitoa kitabu chake juu ya hekaya ya Kristo mwaka 1909, na mwaka uliofuata mjadala wa hadhara ukafanyika Berlin kwa ajili yake. Umoja wa Kisovieti uliichukua hoja hiyo na kuieneza kama sayansi. Katika miaka yetu mtetezi wake mwenye kujipanga zaidi ni Richard Carrier wa Marekani, aliyetoa kitabu kikubwa mwaka 2014. Wanahistoria wa zama zile, wakiwamo wasioamini Mungu, karibu wote wanaikataa. Bart Ehrman, ambaye aliuacha Ukristo, aliandika kitabu kizima kuipinga mwaka 2012. Lakini wingi wa wataalamu si hoja. Wengi wamewahi kukosea pamoja, na anayeuliza kwa nia njema ana haki ya kuonyeshwa kwa nini wanaamini wanachoamini.

Ushahidi wa kuanza nao haumo katika Injili. Ile ya Marko, inayohesabiwa kuwa ya kwanza, iliandikwa karibu na mwaka 70, na anayeitilia shaka ana sababu zake. Barua za Paulo zimeitangulia kwa miaka ishirini hivi, na karibu wakosoaji wote wanakubali kwamba saba kati ya zile zenye jina lake aliziandika mwenyewe. Katika barua kwa Wagalatia, Paulo anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alipanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro, akakaa kwake siku kumi na tano, na kwamba katika mitume wengine hakumwona yeyote ila Yakobo, ndugu wa Bwana. Tarehe yake inakadirika. Paulo huyohuyo anawaeleza Wakorintho jinsi alivyotoroka Dameski, mji aliotoka kwenda Yerusalemu, akishushwa ukutani ndani ya kapu, liwali wa mfalme Areta akimsaka. Areta wa Nne alifariki yapata mwaka 40. Hivyo mkutano ule wa Yerusalemu hauwezi kuwa mbali na katikati au mwisho wa miaka ya 30, na Pontio Pilato, aliyemhukumu Yesu, aliondolewa madarakani mwaka 36. Tunaye basi mtu anayesema kwa kalamu yake, tena kwa kiapo, kwamba alikutana na ndugu wa Yesu miaka michache tu baada ya kifo chenyewe. Na anakiri jambo ambalo halimsaidii. Shabaha yake yote katika kurasa zile ni kuwaonyesha Wagalatia kwamba injili yake hakuipokea kwa wanadamu na kwamba hakuwa mwanafunzi wa watu wa Yerusalemu. Ingemfaa zaidi kutokwenda kabisa. Anakiri kwa sababu wapinzani wake walikuwa wakijua alikwenda, na mbele kidogo tunaona kwa nini: watu waliotoka kwa Yakobo wanafika Antiokia, Petro anaacha kula na watu wa mataifa, na Paulo anamkaripia hadharani. Yakobo huyu ana wafuasi, ana msimamo, na mamlaka yake yanamsumbua Paulo hata akiwa mbali.

Wanaokanusha wanalijua tatizo hili na wamelitafutia njia. Wanasema kila Mkristo wa zama zile aliitwa ndugu, kwa hiyo ndugu wa Bwana ni muumini tu. Njia hiyo inazibwa na Paulo mwenyewe. Akijitetea kwa Wakorintho juu ya haki ya mhubiri kusafiri na mke, anawataja mitume wengine, na ndugu wa Bwana, na Kefa. Kama maneno yale yangekuwa na maana ya waumini wote, mitume wasingetajwa kando, na Kefa asingewekwa peke yake mwishoni. Wengine, wakiliona hilo, husema labda palikuwa na chama maalumu kilichobeba jina hilo, au daraja la waumini waliobatizwa wasio mitume. Chama hicho hakikuacha alama popote, na daraja hilo halielezi kwa nini Paulo, mwenye ndugu wa imani kila mji, analitumia jina hili mara mbili tu na kila mara kwa kundi dogo linalojulikana. Marko naye anawataja ndugu wanne wa Yesu kwa majina, Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na hana nia ya kuwapamba: anaandika kwamba jamaa zake walitaka kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Wakatoliki wanafundisha kwamba hawa walikuwa binamu, na Waorthodoksi kwamba walikuwa watoto wa Yosefu kwa mke wa kwanza. Hoja yangu haiguswi na tofauti hiyo. Binamu na ndugu wa kambo nao ni jamaa wa mtu, na kiumbe aliyeishi mbinguni tu hana jamaa wa kupokea wageni Yerusalemu.

Shahidi wa pili juu ya Yakobo hakuwa Mkristo. Flavius Josephus, kuhani wa Kiyahudi aliyepigana na Warumi kisha akaishi Roma chini ya ulinzi wa makaisari, alimaliza historia yake ya Wayahudi mwaka 93 au 94. Yesu anatajwa mara mbili humo. Mahali pa kwanza, katika kitabu cha 18, mkono wa Mkristo umepita: maneno yanayokiri kwamba Yesu ndiye Kristo na kwamba alifufuka siku ya tatu hayawezi kutoka kwa Myahudi aliyebaki Myahudi. Wataalamu wengi wanadhani chini yake pana maneno machache ya Josephus mwenyewe. Sitajenga juu ya dhana hiyo. Mahali pa pili, katika kitabu cha 20, ni tofauti. Josephus anaeleza jinsi kuhani mkuu Anano alivyotumia nafasi ya mwaka 62, liwali Festo akiwa amekufa na Albino akiwa bado njiani, akaitisha baraza na kumpiga mawe Yakobo na wengine, na jinsi kitendo hicho kilivyomgharimu cheo chake. Habari hii ni ya Anano. Yakobo ni mhanga ndani yake, na Yesu anatajwa ili tu msomaji ajue ni Yakobo yupi, maana jina hilo lilikuwa la kawaida mno: ni ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Carrier anasema maneno hayo ya mwisho ni nukuu ya pembeni iliyoingizwa kimakosa, na kwamba Yesu anayekusudiwa ni mwana wa Damneo, aliyepewa ukuhani mkuu baada ya Anano. Inawezekana, lakini inamtaka mwandishi aliyezoea kumtambulisha mtu kwa jina la baba yake anapomtaja mara ya kwanza aache jina la baba hapo juu na kulileta chini, mtu akiwa ameshatajwa. Tena Origenes, katika karne ya tatu, alikuwa akijua kwamba Josephus alimtaja Yakobo ndugu wa Yesu, na papo hapo analalamika kwamba Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Habari ya Yakobo aliisoma, ila ungamo lile la kitabu cha 18 ni dhahiri hakuwa nalo mbele yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linasema Paulo anamjua Kristo wa maono pekee. Hasimulii mifano wala miujiza, hataji Galilaya, na anadai amefunuliwa. Ukimya huo ni wa kweli, na wahubiri wanaojifanya haupo wanawapa nguvu wanaokanusha. Lakini Paulo hakuwa akiandika wasifu. Alikuwa akizima moto katika makanisa aliyoyaanzisha, na watu waliokwisha kusikia habari hawakuhitaji kuelezwa upya. Hata hivyo anadondosha mambo. Yesu kwake ni wa uzao wa Daudi kwa mwili, alizaliwa na mwanamke, aliishi chini ya Sheria, alikuwa na chakula cha mwisho usiku aliotolewa, aliagiza juu ya talaka, alisulubiwa, akazikwa. Juu ya talaka anatofautisha waziwazi agizo la Bwana na rai yake mwenyewe. Mtu anayebuni maneno ya Bwana kwa maono asingekuwa na haja ya kuweka mpaka huo. Ili kumweka Kristo huyu mbinguni, Carrier amependekeza kwamba Mungu aliihifadhi mbegu ya Daudi akamuumbia mwili kutokana nayo huko juu. Hakuna andiko la Kiyahudi wala la Kikristo la wakati ule linalosema hivyo. Nadharia inapolazimika kubuni imani ambayo hakuna aliyeiandika, ili tu maneno mepesi yasiwe na maana yake nyepesi, imeshalipa gharama kubwa mno.

Huulizwa pia kwa nini waandishi wa wakati wake walinyamaza. Philo wa Aleksandria aliishi miaka ileile na hamtaji. Justo wa Tiberia aliandika historia ya wafalme wa Wayahudi, naye alikuwa mtu wa Galilaya hasa. Kitabu chake kimepotea, lakini Fotio wa Konstantinopoli alikisoma katika karne ya tisa akashangaa kutomkuta Kristo ndani yake. Sioni ajabu. Fotio huyohuyo anasema kitabu kilikuwa kifupi na kiliruka mambo mengi ya lazima. Na tukitaka kumpima Yesu, tumpime na wenzake. Teuda aliyewaongoza watu mpaka Yordani, yule Mmisri aliyekusanya maelfu Mlima wa Mizeituni, hata Yohana Mbatizaji: hakuna aliyewaandika wakati wakiishi, na nje ya maandiko ya Wakristo karibu yote tunayojua yametoka kwa Josephus, miongo kadhaa baadaye. Pilato mwenyewe alitawala Yudea miaka kumi kwa niaba ya Kaisari. Hati zake hazipo. Tunazo sarafu, maneno ya Philo na Josephus, mstari wa Tacitus, na jiwe moja lililochimbuliwa Kaisaria mwaka 1961. Ikiwa liwali wa Roma amebakiza hicho tu, kijiji cha Nazareti kingebakiza nini juu ya fundi wake? Tacitus, akiandika yapata mwaka 116 juu ya moto wa Roma wa mwaka 64, anasema Kristo aliuawa na Pilato zama za Tiberio. Nakiri kwamba huenda aliyapata kwa Wakristo wenyewe, ndiyo maana sikumtanguliza.

Na miujiza je, haitoshi kuonyesha kwamba ni hekaya? Wasomaji wa Kiswahili tunao mfano wetu. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Pate na Ozi, anasimuliwa kuwa hakufa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na utenzi wake maarufu uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne ipi. Makadirio yanapishana kwa mamia ya miaka. Sindano ile haithibitishi kwamba hakuwapo, wala haithibitishi kwamba alikuwapo. Kinachotukwamisha kwa Liyongo ni umbali: hakuna aliyemjua ndugu yake akatuachia barua. Kwa Yesu barua hiyo tunayo, na maajabu yaliyorundikwa juu yake hayaifuti. Kuhusu miungu iliyokufa na kufufuka, Osiri na wenzake, mfanano ni mdogo kuliko inavyodaiwa: Osiri hubaki mtawala wa wafu, na Mithra, anayetajwa sana, alitoka mwambani akiwa mkubwa na hakuna hadithi inayojulikana ya kufa kwake.

Bado kuna ushahidi ambao naona ni mzito karibu sawa na Yakobo, nao ni ule uliowatia waumini taabu. Masihi aliyetazamiwa alikuwa mshindi, mfalme au kuhani au hakimu wa kutoka juu. Danieli anataja mpakwa mafuta atakayekatiliwa mbali, na wanaokanusha huielekeza aya hiyo, lakini hakuna Myahudi kabla ya Wakristo tunayemjua aliyehubiri Masihi aliyesulubiwa na Warumi. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, na Torati inamhesabu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa. Paulo anakiri kwamba habari hiyo ni kikwazo kwa Wayahudi na upuuzi kwa Wayunani, na anahangaika kwa Wagalatia kueleza jinsi laana hiyo inavyoweza kuwa baraka. Mtunzi huru hajiundii mzigo wa namna hiyo kisha akatumia maisha yake kuutetea. Maandiko kama Isaya 53 yalitafutwa baada ya tukio, na watu waliokuwa wakijaribu kulielewa. Ubatizo nao ni hivyohivyo. Marko anasema bila kusita kwamba Yesu alibatizwa na Yohana, katika ubatizo wa ondoleo la dhambi. Mathayo anaona ugumu, anamleta Yohana akikataa kwanza. Luka anamfunga Yohana gerezani kabla ya kuutaja ubatizo. Injili ya nne inamleta Yohana kushuhudia na haisimulii ubatizo kabisa. Mwendo huo ni wa watu waliorithi habari wasiyoweza kuifuta. Na Nazareti! Kijiji kisichotajwa katika Agano la Kale, ambacho wengine walidai hakikuwapo mpaka wachimbaji walipopata nyumba ya zama zile mwaka 2009. Masihi alitakiwa atoke Bethlehemu, na Mathayo na Luka wote wanasema alizaliwa huko, ila kwa njia zisizopatana. Kwa Mathayo familia inaonekana ni ya Bethlehemu, inahamia Nazareti kwa hofu. Kwa Luka ni ya Nazareti, inapelekwa Bethlehemu na sensa ya Kirenio, ambayo kwa Josephus ilikuwa mwaka wa 6, miaka kumi hivi baada ya kifo cha Herode. Kama Yesu angekuwa wa kutungwa, angezaliwa Bethlehemu na kukulia Bethlehemu, na hakuna ambaye angehangaika na sensa.

Ushahidi huu una mipaka, nami siwezi kuuvusha. Unatupa Myahudi wa Galilaya, aliyebatizwa na Yohana, aliyetangaza ufalme wa Mungu, mwenye ndugu aliyejulikana Yerusalemu, aliyeuawa kwa amri ya Pilato yapata mwaka 30. Hautupi ufufuo. Kwamba Petro na Yakobo waliamini wamemwona akiwa hai, Paulo anashuhudia. Kama waliona kweli, hapo chombo cha mwanahistoria kinakoma. Mwislamu atasema kwamba hata msalaba si kweli, kwa kuwa Kurani inasema hawakumuua wala hawakumsulubu ila walifananishiwa. Anasimama juu ya wahyi, na ni haki yake. Hati za kale zaidi zilizotufikia, za marafiki na za maadui, zinasema aliuawa, nami nikiulizwa hati zinasema nini sina jibu jingine.

Kwa mwamini yeyote, naona hatari ya kweli haitoki kwa Drews wala Carrier. Albert Schweitzer aliionyesha mwaka 1906, alipomaliza kupitia zaidi ya karne moja ya vitabu juu ya maisha ya Yesu: yule wa historia ni mgeni kwetu, Myahudi aliyeingoja siku ya Mungu kama jambo lililo mlangoni, na kila kizazi cha wasomi kilimchora kwa sura yake chenyewe. Kumkanusha hutuepusha na mgeni huyo, na kumpamba hutuepusha naye vilevile. Ambao wangeweza kutueleza zaidi alikuwa mtu wa namna gani ni kundi la Yakobo, lililosali Hekaluni na kuishika Torati huku likimngoja arudi. Baada ya Yakobo kupigwa mawe, vita vikaja, Yerusalemu likaangushwa mwaka 70, na kanisa lililobaki na kalamu likawa la watu wa mataifa, watoto wa Paulo. Kutoka kwa jamaa zake mwenyewe tuna barua mbili fupi, zenye majina ya Yakobo na Yuda, na wasomi bado wanabishana kama kweli waliziandika wao.